Aliyepotea Hana Waranti

Vijana wa ofisi, siku ile ya chai ya kuniaga mliniomba niandike kurasa chache kuhusu udereva katika ofisi ya kupambana na ulanguzi wa binadamu. Nadhani mlitaka visa vya gari kukwama mchangani. Vipo, na vingine nitavitaja. Lakini nimekaa nyumbani wiki kadhaa nikijaribu kuwa mstaafu mpole, nikashindwa. Bado nina hasira. Someni mkilijua hilo.

Vyeo sitavigusa kwa kuwa sikuwa navyo. Niliingia dereva, nikatoka dereva.

Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Lori la samaki wakavu liliharibika karibu na shule yetu, nikaenda kumtazama fundi akifungua giaboksi, na lilipoondoka mimi nilikuwa juu ya magunia. Baada ya hapo nilipakua mizigo ya ndege Lokichoggio, nikafyatua matofali Katilu, nikachota maji kwa punda kwa watu waliochimba dhahabu upande wa Loima. Kila mahali nilikaa mpaka nijue kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Lugha nazo nilizikusanya hivyo hivyo. Kiarabu cha Juba nilifunzwa na mama mmoja wa Kakuma aliyeuza chai, ambaye hakunipa kikombe cha pili kabla sijakiomba kwa lugha yake. Nilikuwa napenda sana chai.

Serikali iliniajiri kwa sababu nilikuwa na leseni, na kwa sababu dereva aliyenitangulia alikuwa amekataa joto la Lodwar. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Barasa, dereva mkuu, mtu wa Kitale, mnene, asiyevaa viatu akiendesha. Nilidhani atanionyesha injini. Akanionyesha karatasi.

Hiyo ndiyo tiketi ya gari, ambayo ninyi mnaijua na wengine wasomao hapa huenda hawaijui. Ni karatasi ndefu inayosema gari la serikali limetoka wapi, linakwenda wapi, kwa idhini ya nani, na nani wameketi ndani. Bila sahihi ya mkubwa, gari halisogei. Jina lisiloandikwa halipandi.

"Tiketi kwanza, injini baadaye," Barasa aliniambia. "Ukiua injini utaeleza. Ukibeba mtu asiyeandikwa, hakuna maelezo."

Alinifundisha mengine pia, na haya bado yanafaa. Punguza upepo wa magurudumu kabla ya kuingia laga, yaani mto mkavu wa mchanga, usingoje ukwame. Koleo likae juu ya mizigo, si chini yake. Maji ya kunywa yawe jerikeni mbili, moja yako na moja ya mtu utakayemkuta njiani. Na ukisimamisha gari mahali pa mifugo, zima injini, shuka, salimia kila mtu mpaka wa mwisho, kisha ndipo mkubwa wako aanze maswali yake. Wakubwa wengi walitaka kuanza na maswali. Wakapata majibu ya kuwafukuza kwa adabu.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda. Tuliambiwa kuna watoto waliovushwa kutoka ng'ambo kuja kuchunga mifugo ya tajiri mmoja, bila malipo na bila njia ya kurudi. Tukawakuta watano kisimani. Afisa wetu alifungua faili juu ya boneti, akaanza kuuliza nami nikitafsiri. Wilaya ya kuzaliwa? Nambari ya cheti? Msichana mmoja alieleza kwamba alizaliwa familia ikiwa safarini, mama yake alisimama, akajifungua, wakaendelea. Lilikuwa jibu kamili kuliko yote niliyosikia mwaka ule. Afisa akaandika: haijulikani.

Tuliwaleta Lodwar, wakalala katika chumba cha mikutano chini ya bango la kampeni dhidi ya ulanguzi kwa sababu ofisi haikuwa na pengine pa kuwaweka. Baada ya wiki mbili mtu mzima mwenye barua ya chifu alikuja kuwachukua, akajiita ndugu, akaweka kidole gumba mahali pa sahihi, na faili likafungwa kwa maneno "wameunganishwa na familia". Mwaka uliofuata nilipita kisima kile kile. Yule msichana alikuwepo, na ng'ombe walikuwa wale wale. Tulisalimiana. "Ejok," akaniambia, bila kinyongo, kama tunavyoisalimia mvua isiyonyesha. Nilipomweleza Barasa, aliendelea kupaka grisi. Akasema tu kwamba faili likifungwa, na macho ya ofisi yamefungwa, na mimi nitazoea.

Sikuzoea. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwa miaka mingi kunafanana sana na kuzoea.

Kisha zikaja warsha. Mnazijua, bado zipo. Kila mwaka hoteli moja ya Lodwar ilijaa watu waliokuja kupambana na ulanguzi wa binadamu kwa kalamu, maji ya chupa na fulana. Mimi nilibeba mabango. Bango moja lilikuwa na picha ya mikono yenye minyororo, na nilijiuliza ni nani aliyewahi kuona mlanguzi akitumia mnyororo. Walanguzi niliowaona mimi walitumia bahasha ya kaki yenye karatasi safi ndani.

Mmoja wao aliketi mstari wa pili katika warsha. Tulimjua kwa jina la Dikson. Alikuwa na ofisi ndogo ya kutafutia watu kazi, suruali iliyopigwa pasi, na tabia ya kusaidia kukusanya viti baada ya kikao. Alialikwa kama mdau. Akapewa cheti cha kuhudhuria, akakiweka kwenye fremu ukutani kwake, juu ya kiti alichowakalisha wateja.

Katika hao wateja walikuwemo dada wawili wa Sudan Kusini, Achol na Nyibol, waliokulia kambini Kakuma. Achol alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mdogo wake kumi na minane. Walipika kisra, ule mkate mwembamba wa kwao, wakauza asubuhi karibu na kanisa. Dikson aliwaahidi kazi ya jikoni katika hoteli kubwa, chumba cha kulala na mkataba. Aliwatengenezea hata vibali vya kutoka kambini. Hili lishikeni, kwa maana kila kitu baadaye kinasimama juu yake: mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali kinachoitwa pasi. Dikson alizipata pasi zao kwa siku mbili. Kwenye kizuizi barabarani askari alizitazama, akakuta muhuri upo na sahihi ipo, akawatakia safari njema.

Walipofika Kainuk, Dikson aliwaambia wampe simu na kadi zao za ukimbizi azihifadhi. Achol alipomwomba amrudishie, alijibu watapewa wakifika. Hapo Achol akajua. Gari liliposimama aliomba kwenda haja, akajificha nyuma ya kibanda cha makaa, akimngoja mdogo wake naye ashuke. Nyibol hakushuka. Alikuwa amelala, kichwa kwenye dirisha, na milango ilikuwa imefungwa kwa ndani. Gari likaondoka. Achol alirudi juu ya lori la makaa na kupiga ripoti akiwa mweusi usoni mpaka askari wa zamu akamcheka.

Dikson tulimkamata. Niliendesha mimi. Hakukimbia, alimalizia chai yake. Alisema hajui Nyibol yuko wapi, huenda ameolewa. Wapelelezi walipita na picha ya Nyibol kwenye hoteli za barabara kuu kusini mwa Kitale, wenye hoteli wakatikisa vichwa, wapelelezi wakarudi. Dikson akapewa dhamana. Njia ya kumpata Nyibol ikabaki moja: Achol atoe ushahidi Lodwar, Dikson aone kifungo kinamkaribia, aseme alimshusha wapi. Mwendesha mashtaka, binti mdogo mwenye akili na faili nyingi kuliko meza yake, alituambia hivyo waziwazi. Bila Achol hakuna kesi, na bila kesi huyu mtu hana sababu ya kufungua mdomo.

Sasa sikilizeni jinsi serikali inavyojitega yenyewe. Ili Achol atoke Kakuma kwenda kutoa ushahidi, alihitaji pasi. Ili apate pasi, alihitaji samansi ya korti. Samansi ilitoka Lodwar na kufika Kakuma siku gari lilipopatikana. Pasi zilitiwa sahihi siku mbili kwa wiki. Mara ya kwanza samansi ilifika siku moja baada ya kesi. Mara ya pili ilifika mapema, mtu wa sahihi akawa likizo. Mara ya tatu pasi ilitoka, tarehe imeandikwa ya mwezi uliopita. Kila mara Dikson alikuwa kortini kabla ya hakimu, na wakili wake akilalamika kwa uchungu kwamba mteja wake anapotezewa muda. Hakimu akaahirisha kwa mara ya mwisho. Shahidi asipofika Ijumaa, alisema, kesi haitaendelea.

Alhamisi, siku moja kabla, nilikuwa Kakuma. Nilitumwa kupeleka mabango mapya, mikono ile ile yenye minyororo. Nikayashusha, nikawa narudi Lodwar na gari tupu. Achol akaja mbio, samansi mkononi, amevaa gauni la kanisani.

Mtu wa kutia sahihi pasi hakuwepo. Alikuwa Lodwar, kwenye warsha. Mnajua ya nini.

"Ami," akaniambia, maana kwao mtu wa rika langu huitwa kama ndugu wa baba, "nibebe. Kesho saa tatu naitwa."

Nikamwambia jina lake haliko kwenye tiketi.

Akachungulia ndani ya gari. "Hizo viti sita, ni za nani?"

Nikasema ni vya serikali.

"Na mimi kesho nitasema mbele ya nani? Si serikali?"

Nilijibu kwa sauti ya mtu mwenye busara, na sauti hiyo bado naisikia. Nilimshauri apande basi la asubuhi, aonyeshe samansi kizuizini, wataelewa, ni karatasi ya korti. Nilijua kwamba huenda hawataelewa. Nilikuwa nimepita kizuizi kile zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka. Lakini nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, na Barasa, aliyekuwa amekwisha kufa, bado alikuwa ananiambia tiketi kwanza. Nikawasha gari. Kilomita mia moja na zaidi za lami nzuri, viti sita vitupu, kioo cha nyuma hakina mtu. Vijana, mkiniuliza siku niliyofanya kazi yangu vibaya kuliko zote, si siku nilipovunja springi Lokichar. Ni siku hiyo, na karatasi zangu zote zilikuwa sawa.

Ijumaa saa tatu nilikuwa nje ya korti na mkubwa wetu. Saa tatu na nusu basi la Kakuma likaingia mjini na Achol hakushuka. Utingo, kijana niliyemfahamu tangu akiuza karanga, ndiye aliyenijuza.

"Apa, yule msee wako wa Sudan alitolewa kwa basi pale kizuizi. Akaonyesha barua ya korti, karao akamwambia hiyo si pasi. Watu walimtetea kidogo, lakini si unajua basi lazima liende."

Mwendesha mashtaka alimwomba hakimu saa moja. Mimi niliitoa tiketi mfukoni. Ilisema "ndani ya mji wa Lodwar". Nikaandika kwa mkono wangu "na kizuizini", kisha katika orodha ya abiria nikaandika Achol. Mkubwa wetu aliniona. Akageuka akatazama mti wa mkoma, na huo ndio msaada mkubwa kuliko wote alionipa.

Kizuizini nilimkuta ameketi chini ya paa la mabati pamoja na wanaume watatu. Koplo wa zamu alikuwa mpole. Nilimweleza kwamba huyu ni shahidi, anangojwa kortini sasa hivi.

"Mzee, tulia," akasema. "Wewe unataka kumpeleka korti. Na sisi tunampeleka korti. Land Cruiser ya kituo inakuja. Shida iko wapi?"

Nikamwambia anampeleka kama mshtakiwa.

"Yuko nje ya kambi bila pasi. Kuna mahali pengine pa kumpeleka?"

Nikamwuliza, kwani huyu aliyempeleka mdogo wake, wewe si ulimpitisha hapa hapa?

Hakukasirika. Alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa, akajibu, "Huyo alikuwa na karatasi."

Hakunipa Achol. Land Cruiser ilikuja kwa wakati wake, wakampandisha nyuma na wale wanaume, nami nikaifuata nyuma yake mpaka Lodwar kama mtu anayesindikiza maiti. Tulifika saa tano na robo. Mwendesha mashtaka alikuwa ameishiwa na muda na maneno. Ili Dikson asiachiliwe moja kwa moja, aliondoa kesi mwenyewe kwa namna inayoruhusu kumshtaki tena siku nyingine. Ilikuwa hatua ya akili. Lakini siku hiyo Dikson alikuwa mtu huru, na alikuwa anashuka ngazi za korti wakati Achol anapandishwa.

Walisimama hatua moja kutoka kwa mwingine. Achol alikuwa ameshikwa mkono na askari.

"Nyibol wapi?" akamwuliza.

"Nyibol yupi?" akasema Dikson, kisha akamtazama vizuri, akatikisa kichwa. "Umekonda, dada. Pole na safari." Kwangu akasema nisalimie ofisi. Akaingia kwenye gari lake, akafunga mkanda. Jumatatu yake tulisikia amevuka mpaka. Karatasi zake zilikuwa sawa huko pia.

Mchana wakafungua kesi za waliokamatwa asubuhi. Wale wanaume watatu walikubali kosa haraka haraka, wakaonywa. Achol alipoingia kizimbani, karani akauliza kama kuna anayejua Kiarabu cha Juba. Aliyejua nilikuwa mimi. Nikaapishwa na harufu ya dizeli mikononi.

Nataka mjue kwamba mwanamke huyu alikuwa amengoja zaidi ya mwaka kusema maneno yake kama shahidi, na serikali haikupata njia ya kumfikisha. Ilipoamua kumshtaki, ilimleta kwa nusu siku, kwa gari, na askari wawili wa kumlinda.

Hakimu, mama mtu mzima, sauti ya uchovu, alimsomea: kwamba alikutwa nje ya eneo lake bila kibali. Je, ni kweli?

Nilitafsiri. Achol alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nje bila pasi." Kisha akaendelea, nami nikamfuata neno kwa neno, na hata leo naweza kuyasema bila karatasi. "Mdogo wangu pia yuko nje. Anaitwa Nyibol. Pasi yake ilikwisha zamani, hajarudi kambini, hana kadi. Kosa lake ni kubwa kuliko langu. Mimi nimekuwa nje asubuhi moja. Yeye mwaka mzima. Naomba mkamkamate."

Nilimaliza kutafsiri. Hakimu alivua miwani. Akamwuliza kama anaelewa anachoomba.

"Nimeomba mumtafute, mkaniandika kwenye kitabu," akasema Achol. "Niliomba mumwokoe, mkanipa tarehe. Leo nimeona mnachokijua. Mnajua kukamata. Basi kamateni."

Mwendesha mashtaka alikuwa ameketi kichwa chini tangu asubuhi. Akasimama. Alisema, kwa sauti iliyokuwa ikimtetemeka na ambayo baadaye alidai ni mafua, kwamba korti imepata taarifa kuhusu mtu aliyeko nje ya eneo lake kinyume cha sheria, na kwamba upande wa mashtaka unaomba waranti ya kumkamata. Hakimu aliinama akaandika. Akamwachilia Achol bila adhabu. Kisha akatia sahihi waranti.

Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua tofauti. Aliyepotea hana waranti. Ana faili, na faili hukaa kwenye kabati mpaka mtu alifungue. Lakini mshukiwa hutangazwa kwa redio kila kituo, jina, umri, sura. Mshukiwa ana gari. Ana dizeli. Ana askari anayeulizwa asubuhi umefika wapi. Kwa aliyeibwa hakuna aliyeulizwa.

Nyibol alipatikana baada ya siku tisa.

Alikuwa kwenye hoteli moja ya barabara kuu kusini mwa Kitale, jikoni, hoteli ambayo wapelelezi waliwahi kuingia na picha yake. Wakati ule mwenye hoteli alisema hamjui, kwa sababu kuficha mtu aliyeibwa hakukumtisha. Safari hii polisi walipita wakisema atakayepatikana na mshukiwa huyu naye atashtakiwa. Mwenye hoteli hakungoja hata waondoke mjini. Alimpandisha Nyibol kwenye bodaboda, akampeleka kituoni mwenyewe. Walimshukuru. Walimpa mkono. Mpaka nastaafu hakuwa ameulizwa swali hata moja kuhusu mwaka mzima wa mtu kuosha sufuria zake bila mshahara na kulala sakafuni nyuma ya mlango wa komeo. Ni raia mwema, jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha kituo kama mtoa habari.

Nilitumwa kumchukua. Achol alikuja nami, pasi yake ilitiwa sahihi asubuhi ile ile, maana sasa alikuwa anakwenda kumtambua mshukiwa. Njia nzima hakuniongelesha. Tulipopita Kainuk aligeuza uso upande wa pili wa dirisha. Nami nilikuwa na maneno ya kumwomba radhi, niliyapanga tangu Lodwar, na kila nilipofungua mdomo niliuliza kama anataka maji. Baada ya Kainuk alisema mara moja tu, "Ami, endesha." Niliendesha.

Mambo mawili yakae kwenye kumbukumbu zenu kabla sijamaliza. Kwanza, niliandikiwa barua ya kujieleza kwa kuongeza jina kwenye tiketi. Nilijieleza kwa mstari mmoja, na barua iko kwenye faili langu, msijisumbue kuitafuta ili mnitetee. Pili, kwenye warsha iliyofuata, kisa cha Nyibol kilisimuliwa kwa picha ukutani kama mfano wa ushirikiano bora kati ya idara. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nyuma, nimeshika bango. Ndipo nilipoamua kuwa nitaandika haya siku moja, na kwamba nitaandika na sehemu ambayo picha zile ziliruka.

Sehemu yenyewe ni hii. Tulifika kituoni saa nne asubuhi. Chumbani kulikuwa na mkuu wa kituo, mpelelezi mmoja, karani, na mkubwa wetu aliyekuja kwa gari lingine apigwe picha. Wakamleta Nyibol. Alikuwa na pingu. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mafuta ya moto mpaka kwenye kiwiko, na pingu zililegea kwa sababu mikono ilikuwa myembamba. Alipomwona dada yake hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, akamgonga askari. Nadhani alifikiri na Achol amekamatwa.

Achol alimwendea, akaweka kipaji cha uso wake juu ya kipaji cha mdogo wake, wakakaa hivyo. Karani akasema kuna mahali pa kutia sahihi. Askari akatafuta ufunguo wa pingu kwenye mfuko huu, kisha ule.

Alipofunguliwa, Nyibol aliwageukia watu wa mezani. Kiswahili alichokijua kilikuwa cha jikoni: leta, osha, haraka. Kwa hiyo aliuliza kwa Kiarabu cha Juba, polepole, kwa heshima, kama mtu anayetaka kujua ili asirudie. Aliuliza kosa lake lilikuwa nini.

Nikatafsiri. Mkuu wa kituo akasogeza karatasi. Mpelelezi akatazama simu. Mkubwa wetu akanitazama mimi.

Nikatafsiri tena, ingawa wote walikuwa wamesikia mara ya kwanza.